Ile Haikuwa Fidla

Jumapili mbili zilizopita, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa kibandani kwangu hapa Nakuru nikilehemu waya wa redio ya mama mmoja muuza nyanya. Redio yangu ya kazini ilikuwa ikiimba pembeni. Mtangazaji akaweka wimbo wa Charley Pride, na wimbo ulipofika pale ambapo mwimbaji hunyamaza na kitu kingine huanza kulia badala yake, akaingiza sauti yake na kusema, "Wasikilizaji wapenzi, hebu sikieni fidla hiyo inavyolia." Nikaweka chini chuma cha kulehemu.

Haikuwa fidla. Lilikuwa gitaa la pedali, lile linalolazwa juu ya miguu yake kama meza, na mpigaji akaliketia kama fundi cherehani. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia unadonoa kwa kucha za kuvika vidoleni, mguu wa kushoto uko juu ya pedali za kuvutia nyuzi, wa kulia uko kwenye pedali ya kupandisha na kushusha sauti, na magoti yanasukuma nyenzo zinazoning'inia chini ya ubao. Wamarekani huliita gitaa la chuma, na wengi hudhani chuma ni mwili wake. Mwili mara nyingi ni mbao. Chuma ni kile kipande kilicho mkononi.

Nilipiga simu kituoni. Kijana aliyepokea alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, msikilizaji hajali ni chombo gani. Yeye anataka wimbo mtamu." Nikamshukuru, nikakata simu, lakini jibu lake halijanitoka kichwani tangu siku hiyo. Nimekuwa fundi wa redio na vinanda vya santuri kwa miaka 38. Nasema bila kusita kwamba msikilizaji anajali, na yule asiyejali hajawahi kuambiwa.

Namjua msikilizaji mmoja aliyejali hadi kufa kwake.

Baba yangu alikuwa karani wa reli. Hakuwa mtu wa maneno mengi, hakunywa, wala hakwenda dansini. Starehe yake ilikuwa kinanda cha santuri chenye kifuniko cha mbao, na santuri zisizozidi 20 ambazo sisi watoto hatukuruhusiwa kuzigusa kabla ya kunawa mikono. Mwimbaji wa kantri Jim Reeves alikuwemo, kama alivyokuwemo katika nyumba nyingi za Kenya za wakati ule. Lakini iliyopigwa kuliko zote ilikuwa ya Charley Pride iitwayo In Person, iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Panther Hall mjini Fort Worth, Texas, mwaka 1968, na kutolewa mwaka 1969. Baba aliinunua Nairobi ikiwa imetumika, bila jalada lake, ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki. Juu ya mfuko ule aliandika kwa penseli tarehe na bei, maana kila alichonunua alikiandika. Chini ya bei akaandika neno moja: "Nani?"

Nilikuwa darasa la tano nilipomwuliza maana ya neno lile. Hakunijibu kwa maneno. Aliweka sindano juu ya santuri, akasubiri, na lile gitaa lilipoanza kulia akainua kidole. "Huyo," akasema. "Charley namjua. Huyu anayemjibu ni nani?"

Anayemjibu. Sijapata neno bora kuliko hilo hadi leo. Katika santuri ile mwimbaji hamalizi msemo wake bila yule mwingine kumwitikia, kama kiongozi wa ngoma na waitikiaji wake. Mwimbaji akisema neno la huzuni, gitaa linalikariri kwa sauti isiyo na maneno. Akitania, nalo linatania. Lakini wapigaji waliokodiwa miaka ile katika studio za Nashville, kitovu cha muziki wa kantri wa Marekani, mara nyingi hawakutajwa kabisa kwenye santuri. Waliingia asubuhi, wakapiga nyimbo tatu nne, wakalipwa, wakaondoka. Jina lililouzwa lilikuwa la mwimbaji.

Na hata mwimbaji huyu alifichwa. Charley Pride alizaliwa mwaka 1934 katika mji mdogo wa Sledge, Mississippi, kwa wazazi waliofanya kazi katika mashamba ya pamba. Alicheza besiboli katika ligi za watu Weusi, akafanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha madini kule Montana, kisha akaenda Nashville kuimba muziki ambao wengi waliuona kuwa mali ya Wazungu peke yao. Kampuni ya RCA ilipoanza kutoa nyimbo zake mwaka 1966, ilizipeleka kwenye vituo vya redio bila picha yake, ili watangazaji wazicheze kabla ya kujua kwamba aliyeimba ni Mweusi. Kwa hiyo katika mfuko ule wa kaki wa baba mlikuwa na watu wawili, mmoja aliyefichwa uso na mwingine aliyekosa jina. Wa kwanza alijitokeza. Mwaka 1971 chama cha muziki wa kantri cha Marekani kilimtunuku tuzo yake kubwa ya mtumbuizaji bora wa mwaka, na alipofariki Desemba 2020 habari zake zilisomwa hata hapa kwetu. Wa pili alibaki kuwa "Nani?" katika nyumba yetu kwa zaidi ya miaka 20.

Jina nililipata mwaka 1994. Mmisionari mmoja wa Kimarekani aliniletea kinanda cha kanisa kilichoungua. Nikiwa nakifungua, nilikuwa nimeweka santuri ya baba ipige. Mzungu yule akanyamaza katikati ya maelezo yake kuhusu kinanda, akatikisa kichwa, akasema jina bila kufikiri, kama mtu anayemtaja jirani: Lloyd Green. Akaniambia naye ni mtu wa Mississippi, amezaliwa mwaka 1937. Nilikaa kitako. Mmoja Mweusi na mwingine Mzungu, wametoka jimbo moja lililowatenga watu wake kwa rangi, wakakutana jukwaani Texas kuulizana na kujibizana. Baba alikuwa amefariki miaka mitano kabla ya siku hiyo.

Baada ya kupata jina, nilitaka kujua chapa ya gitaa. Najua wapo watakaosema hapo nilivuka mpaka. Jina la mtu lina maana, watasema, lakini chapa ya gitaa ni ushabiki tu. Wapigaji wenyewe hupenda kusema kwamba sauti iko mkononi: mpe bingwa gitaa bovu, bado utamtambua. Ni kweli, na silipingi hilo hata kidogo. Lloyd Green ni Lloyd Green kwenye ubao wowote. Lakini maneno hayo yametumiwa mno kumfukuza anayeuliza, na mimi kama fundi yananichoma, kwa sababu yanamfuta mtu wa tatu, yule aliyetengeneza chombo.

Aliyeimba kwaya atanielewa haraka. Chukua nyuzi tatu zinazolia do, mi, so. Kwenye gitaa lililotuniwa kwa mtindo wa Nashville, ukikanyaga pedali mbili za kwanza kwa pamoja, mi inapanda inakuwa fa, so inapanda inakuwa la, na do imekaa palepale haijaguswa. Umetoka do-mi-so umeingia do-fa-la, na mkono wako wa kushoto haujasogea. Ukikanyaga pedali moja tu, sauti moja inapanda huku wenzake wametulia, na hapo ndipo penye kile kilio kinachofanya watu waseme "fidla". Mkono ulioshika kipande cha chuma peke yake hauwezi kufanya hivyo kwa urahisi, maana ukiutelezesha, sauti zote huteleza pamoja. Ni lazima pawe na chuma chini ya ubao kinachovuta uzi huu na kuuacha ule. Ni lazima fundi awe amekaa usiku akikata vyuma hivyo, akivipima, akivitupa, akianza tena.

Pedali zenyewe zilikuwepo kabla, lakini wapigaji walizitumia zaidi kubadilisha mpangilio wa nyuzi kati ya sauti na sauti, kama dereva anavyobadilisha gia. Kisha mwishoni mwa mwaka 1953 mpigaji Bud Isaacs akamsindikiza mwimbaji Webb Pierce kurekodi wimbo uitwao Slowly, na akakanyaga pedali wakati nyuzi bado zinalia, makusudi, watu wasikie sauti moja ikipanda ndani ya nyingine. Mwaka 1954 wimbo ule ukashika nafasi ya kwanza katika kantri, na kila mpigaji wa gitaa la kulaza Marekani akataka kujua Isaacs alikuwa amefanya nini. Jibu lilikuwa miguuni pake, na lilitoka Downey, California, kwa Paul Bigsby, fundi mitambo na mtu wa pikipiki ambaye alikuwa akitengeneza magitaa kwa oda, moja moja, kwa mkono. Mpigaji Speedy West alikuwa amekwisha kupata la kwake kwa Bigsby mwaka 1948, likiwa na jina lake limeandikwa mbele kwa herufi kubwa. Ama kweli, laiti kila mpigaji angefanya hivyo, mimi nisingekuwa na makala ya kuandika.

Wasioweza kungoja zamu yao kwa Bigsby wakakimbilia kwa mafundi wa karibu. Karibu na Nashville alikuwepo Shot Jackson, mpigaji mwenyewe, aliyekuwa akifunga pedali kwenye magitaa ya wenzake katika gereji yake. Akaungana na kijana mwenye kipaji kilichowashangaza wote, Buddy Emmons, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaanzisha kampuni iliyounganisha majina yao mawili: Sho-Bud. Mwaka 1963 Emmons akaondoka, akaenda kuanzisha kampuni nyingine yenye jina lake pamoja na Ron Lashley huko Burlington, North Carolina. Tangu hapo Nashville iligawanyika, kama mtaa uliogawanyika kati ya timu mbili za mpira. Wapo wa Sho-Bud na wapo wa Emmons, na wanaweza kubishana mpaka taa zizimwe kuhusu ipi ina sauti ya joto na ipi ina sauti ya kukata.

Sasa nirudi kwa swali langu. Mwaka jana kijana mmoja anayepiga gitaa katika bendi ya kantri ya hapa mjini alikuja kibandani na kipaza sauti chake kilichokufa. Akaikuta santuri ya baba ikipiga. Akasikiliza kidogo, akasema kwa uhakika wote wa umri wake, "Mzee, hiyo ni LDG."

"Umejuaje?" nikamwuliza.

"Lloyd Green si ndiye mwenye LDG? Kila mtu anajua." Akatoa simu, akanionyesha picha: Sho-Bud yenye shingo moja ya nyuzi 10, na upande wa mpigaji, pale ambapo shingo ya pili ingekaa, pametandikwa mto mwembamba wa kuegemeza mikono. Gitaa zuri sana. Nilimweleza asili ya mto ule, maana nilikuwa nimeisoma. Wapigaji wa Nashville walizoea magitaa ya shingo mbili, moja ya nyimbo za kantri na nyingine iliyotuniwa kwa nyimbo zenye harufu ya jazi. Green alikuwa ameacha kuitumia ile ya pili. Basi ikatolewa, mahali pake pakawekwa mto, upana wa gitaa ukabaki ule aliouzoea. Sho-Bud ikatengeneza gitaa la namna hiyo likaitwa LDG.

"Lakini kijana wangu," nikamwambia, "LDG ilitoka mwaka gani?"

Akatafuta kwenye simu. "1973."

"Na santuri hii?"

Akanyamaza. Kisha akacheka, akasema, "Mzee, umenipata." Sikuwa nataka kumpata. Nilitaka aone jinsi kosa linavyoingia. Mpigaji anapata gitaa moja linalokuwa maarufu pamoja naye, picha zake zinasambaa, na baada ya miaka kadhaa gitaa hilo linarudi nyuma na kumeza yote aliyopiga kabla halijazaliwa. Mtu anasikia wimbo wa mwaka 1968 akiwa na picha ya mwaka 1973 kichwani, na sikio linakubali. Sikio ni shahidi mwema, ila hukubali upesi kile ambacho jicho limekwisha kuamini.

Kwa hiyo mimi huanza na mwaka. Kabla ya kubishana kuhusu joto la sauti, jua wimbo ulirekodiwa lini na wapi, kisha uondoe kila gitaa lililokuwa bado halijatengenezwa. Hapo utakuwa umefuta nusu ya ubishi. Halafu tafuta picha ya mwaka uleule, na uitazame kama fundi anavyotazama redio iliyoletwa bila kifuniko. Hesabu shingo. Hesabu nyuzi. Fender ilitengeneza gitaa la pedali la shingo moja na nyuzi 8, waliloliita 400, na la shingo mbili waliloliita 1000. Ukiona shingo ya nyuzi 10, Fender hizo mbili zimetoka kwenye orodha. Tazama mapambo: kuna Sho-Bud zilizopambwa shingo kwa alama za karata, kopa na shupaza na wenzao, na huwezi kuzikosea hata katika picha mbaya ya gazeti. Tazama umbo la kichwa kinachoshika nyuzi, tazama jinsi pedali zilivyofungwa. Na uwe mwangalifu na picha iliyopigwa kwa ajili ya matangazo, kwa sababu mtu anaweza kupigwa picha na gitaa jipya la kampuni leo, kesho akaingia studio na lake kuukuu.

Sikio nalipa kazi nyingine. Halitakuambia kwa uhakika jina la kiwanda, lakini litakuambia gitaa limetuniwaje na limefungwa vyuma gani. Ukisikia ile mi ikipanda kuwa fa chini ya do iliyotulia, unajua mguu uko wapi. Sneaky Pete Kleinow, aliyekuwa na kundi la Flying Burrito Brothers huko California, alitumia ile Fender 400 ya nyuzi 8 na kuituni kwa namna yake mwenyewe, na ndiyo maana vitu alivyovipiga havikai vizuri mguuni mwa mtu wa Nashville hata akijaribu wiki nzima. Jerry Garcia alipopiga gitaa la pedali katika Teach Your Children ya Crosby, Stills, Nash & Young, wimbo uliotolewa mwaka 1970, alikuwa na gitaa la ZB, chapa iliyotokana na fundi aitwaye Zane Beck. Wengi wanaujua wimbo ule, wachache wanajua kuna mtu aliyeitwa Zane Beck. Hilo ndilo linaloniuma.

Kuna ugumu mwingine ambao mtu wa mashine yoyote ataujua. Magitaa haya hayabaki yalivyotoka kiwandani. Mpigaji anaongeza wenzo wa goti, anabadilisha kinasa sauti, anafungua vyuma vya chini na kuweka vya aina mpya. Ni kama baiskeli ya muuza maziwa: fremu ni ileile ya mwaka ilipotoka dukani, lakini magurudumu, mnyororo na usukani vimekwisha kubadilishwa mara tatu. Ukimwuliza, atakuambia ni baiskeli yake ileile, na ana haki. Basi kutaja chapa peke yake hakutoshi kwa mtu anayetaka kujua kweli. Taja na mwaka, na hali gitaa lilivyokuwa mwaka ule.

Kuhusu Panther Hall, jibu langu ni hili: ni Sho-Bud iliyotangulia LDG. Green alikuwa mtu wa Sho-Bud miaka ile, na mwaka huohuo wa 1968 alipiga pia katika Sweetheart of the Rodeo ya kundi la The Byrds, albamu iliyowafanya vijana wa roki kulisikiliza gitaa hili kwa heshima. Nimeridhika na jibu hilo kuliko nilivyoridhika na lile la kijana, ingawa lake lilikuwa na picha nzuri zaidi.

Wapo watakaoniuliza hayo yote yanamhusu nini mtu wa Nakuru, au wa Mwanza, au wa Likoni. Kwanza, muziki huu ni wetu kwa kusikiliza. Atakayekataa aende kwenye baa yoyote ya Bonde la Ufa jioni ya Jumamosi. Pili, gitaa hili limekwisha kupigwa na mikono ya Kiafrika, na dunia nzima imelisikia bila kujua. King Sunny Adé wa Nigeria aliliingiza katika muziki wa juju, na mpigaji wake Demola Adepoju anasikika katika albamu ya Juju Music ya mwaka 1982. Miaka minne baadaye Paul Simon alipotoa Graceland, ile sauti inayoelea katika wimbo wenye jina hilo ni ya Adepoju huyohuyo. Watangazaji wetu huucheza wimbo ule mara kwa mara. Humtaja Paul Simon, na wanaojua zaidi humtaja mpiga gitaa Ray Phiri wa Afrika Kusini, kwa haki kabisa. Mnigeria aliyeketi nyuma ya gitaa la pedali, mwana wa bara hili aliyejifunza chombo kigumu kuliko vingi nilivyovifungua maishani mwangu, hapati hata nusu sentensi. Huenda yeye naye anaitwa fidla.

Na tatu, namna tunavyowatendea wa kule ndivyo tunavyowatendea wa hapa. Kati ya wanamuziki wetu, Fundi Konde alitutoka mwaka 2000, Fadhili William na Daudi Kabaka mwaka 2001. Nyimbo zao bado zinachezwa kila siku ya sikukuu, na mtangazaji husema "zilipendwa" kisha akaendelea na matangazo ya biashara. Gitaa lililosikika lilikuwa la nani, liliazimwa au lilinunuliwa, lilipitia kipaza sauti gani, aliyekaa kwenye mitambo siku ile alikuwa nani, hewani haya hayasemwi. Wapo wazee walio hai waliokuwemo katika vyumba vile vya kurekodia. Baadhi yao huniletea redio zao nizitengeneze, na wakikaa kwenye benchi langu wanakumbuka hadi rangi ya waya. Mimi huwaandika katika daftari la risiti kwa sababu ndilo lililo karibu. Kazi hii ingefaa ifanywe na watu wenye vinasa sauti vizuri na mishahara, na ifanywe mwaka huu.

Kwa watangazaji ombi langu ni dogo mno. Sentensi moja: "Mliyemsikia ni Charley Pride, na aliyekuwa akimjibu ni Lloyd Green kwenye gitaa la pedali la Sho-Bud." Nimeipima kwa saa ya mkononi. Inachukua sekunde 6, na tangazo la sabuni lililofuata wimbo ule siku ile lilichukua 30.

Yule kijana wa bendi amerudi mara mbili tangu siku ile ya kipaza sauti. Amenunua kipande cha chuma, amelaza gitaa lake la kawaida mapajani, anajitahidi kuipandisha mi iwe fa kwa kuuvuta uzi kwa kidole nyuma ya chuma. Inamtoa jasho. Ananiuliza kama tunaweza kumtengenezea pedali moja, moja tu, kwa waya wa breki ya baiskeli. Nimemwambia tujaribu, huko Marekani nako walianzia kwenye gereji. Ameahidi kunitafutia picha ya Lloyd Green ya mwaka 1968 wenyewe, ya jukwaani na si ya matangazo, tuhesabu shingo na pedali kwa macho yetu.

Mfuko wa kaki ninao bado, umelainika kama kitambaa. Jumapili ile, baada ya kukata simu, niliutoa kabatini. Chini ya "Nani?" ya baba nikaandika: Lloyd Green. Sho-Bud, kabla ya LDG. Fort Worth, 1968. Na chini yake jina la Shot Jackson, fundi. Nimeandika kwa penseli, ili kijana akileta ile picha nipate pa kuongeza.